Miaka Tisa Aliyoikata Fundi

3 Februari

Kaka yangu fundi,

Shikamoo. Hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka usifikiri nimelewa, ni meza yangu ina mguu mmoja mfupi. Ningekupigia simu, lakini mimi nikisema "kaka" wewe huko unasikia "paka", na wifi yangu amechoka kututafsiria. Mitambo ya kile kiwanda cha nguo ilikula masikio yako, basi acha macho yafanye kazi.

Huku sote wazima. Binti yangu mkubwa amejifungua tena, safari hii wa kiume, na kichwa amechukua cha baba yetu, kikubwa hivyo hivyo na kimekaa upande. Mdogo bado yuko saluni, anasuka watu kutwa nzima na nywele zake mwenyewe zimesimama. Mimi magoti yananigombeza asubuhi, nikishatembea kidogo yananyamaza.

Sasa habari yenyewe. Ile pensheni ya wazee tuliyokuwa tukiisikia redioni imefika. Afisa wa ustawi wa jamii alikuja ofisi ya kata, akaweka meza yake barazani, na wote waliotimiza miaka sabini tukapita mmoja mmoja na vitambulisho mkononi. Alipokitazama changu akasema, "Hongera mama, umetimiza juzi juzi tu." Hongera! Tangu nizaliwe sijapewa hongera kwa kuzeeka. Na mwezi huu pesa imeingia kwenye simu. Si nyingi, ila imeingia nikiwa nimekaa. Umri wote huu nimefua mashuka ya hospitali, sikujua kwamba pesa inaweza kumfuata mtu alipo, miguu yake ikiwa imenyooka.

Nimenunua godoro. Nimenunua na miwani, ndiyo maana unaniona nimekuwa mwandishi.

Na wewe je, umeshaanza kupata? Nauliza kwa sababu mkubwa ni wewe.

Mdogo wako

*

24 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta mpaka bahasha ikabadilika rangi, lakini imefika. Mpe hongera mpwa wangu kwa mtoto. Kichwa cha baba kitamsumbua kwenye kuvaa fulana, asizinunue zenye shingo ndogo.

Kuhusu pensheni, nimefurahi. Nimefurahi sana. Nilipomwambia wifi yako kwamba nimefurahi aliniuliza mbona nasaga meno. Hilo godoro ni la unene gani? Nauliza tu. Kuna magodoro ya siku hizi ambayo mwaka hauishi yamekuwa kama mkeka. Na hiyo miwani hakikisha hawajakuuzia ya jua.

Hata hapa kwetu imefika. Kinyozi aliye mbele ya kibanda changu anapata. Kinyozi! Mtu niliyemshonea suruali yake ya kwanza ndefu. Alipita hapa na viatu vipya akivipiga chini kwa makusudi, nami nikafunga kibanda nikaenda ofisini siku hiyo hiyo. Karani ni msichana tu. Alipogundua sisikii vizuri alipaza sauti, foleni nzima ikasikia: "Kitambulisho kinasema una miaka sitini na nne! Rudi baada ya miaka sita, kijana!" Watu wakacheka hadi aliyekuwa na mkongojo akaudondosha.

Kijana! Mimi niliyekubeba mgongoni ulipougua surua!

Najua unalotaka kusema, usiliseme. Kiwanda kilitaka vijana, mimi nilikuwa na mke na mtoto, na yule wa usajili aliponiuliza mwaka wa kuzaliwa nikamtajia unaofaa. Nani hakufanya hivyo? Nilikata miaka tisa kama ninavyopunguza suruali, nikidhani kitambaa kimekunjwa ndani, siku nikikitaka nitakifumua.

Sasa nina ombi. Wewe uko karibu na ile shule yetu ya zamani. Nenda umwone mwalimu mkuu, waangalie kwenye rejista zao mwaka nilioandikishwa, anipe barua yenye muhuri. Mtu wa miaka sitini na nne hawezi kuwa alianza darasa la kwanza mwaka ule ule aliozaliwa, hata karani ataliona hilo.

Sisi hatujambo, cherehani inazunguka. Mwaka huu serikali imewagawia watoto wote wa shule ya jirani sare bure. Jambo zuri kabisa.

Kaka yako

*

30 Machi

Kaka,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, mjukuu alishikwa na kikohozi na nyumba nzima tukawa tunakohoa naye. Sasa ameshapona. Godoro ni nene, ahsante kwa kuuliza. Likikandamizwa linarudi lenyewe.

Nimekwenda shuleni. Kaka, usingeitambua. Kilichobaki cha wakati wetu ni vidato viwili vya mawe visivyoelekea popote, watoto wanavikalia wakati wa mapumziko. Kila kitu kingine kimejengwa upya kwa pesa ya serikali. Madarasa yana vioo madirishani. Kuna matangi ya maji ya mvua. Vyoo vya wasichana vina milango, na milango ina komeo kwa ndani. Kuna chumba kizima cha vitabu tu, na mtu anayelipwa kuvitunza. Na mtoto halipi ada hata senti, anakwenda na mikono yake tu.

Mwalimu mkuu ni mwanamke kijana mwenye sauti ya askari wa barabarani. Nilipomuuliza rejista za zamani alisema, "Mama, mchwa walikula kabati lote kabla sijaajiriwa, tulibakiwa na bawaba." Kwa hiyo hakuna rejista na hakuna barua. Pole.

Aliponiacha kwenda kujibu simu nilisimama kwenye dirisha la darasa moja. Msichana mdogo alikuwa amesimama anasoma kwa sauti, akakwama kwenye neno. Mwalimu hakumkemea. Alimngoja, na darasa zima likangoja, hata wavulana wa nyuma, mpaka akalipata. Kaka, yule ni mtoto wa rika la mjukuu wangu wa kwanza, na niliona wivu mpaka ilinibidi niondoke pale dirishani. Mtu wa miaka sabini! Nikajiuliza, hawa wanajua wanachopewa? Nikatamani hata mmoja afukuzwe nikae mimi.

Mwalimu mkuu aliporudi akanikuta nimeshika ukuta. Akaniuliza kama nasoma. Nikamwambia herufi nilizipata kwenye madaftari ya binti zangu, wao wakifanya kazi za shule na mimi nikipiga pasi upande wa pili wa meza, kwa hiyo mwanzoni nilizisoma zikiwa kichwa chini. Akasema serikali inamlipa mwalimu wa kufundisha watu wazima jioni, na Novemba wanafanya mtihani wa darasa la saba, ule ule wa watoto. Nimejiandikisha. Usiwatangazie watu.

Mdogo wako

*

12 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nakujibu haraka kwa sababu jambo lina haraka. Wifi yako anakusalimu, mgongo wake unaendelea vizuri.

Nimerudi ofisini. Safari hii nilimkuta afisa mwenyewe, mwanamume mpole, anaandika anachotaka kusema kwenye karatasi kisha ananionyesha. Aliandika hivi: kama hakuna rejista, aje ndugu wa damu, mwenyewe, na kitambulisho chake, aape mbele yangu na aeleze anavyojua umri wako. Nami naangalia huku na huku, nani amebaki? Baba hayupo, mama hayupo, wajomba wamekwisha. Umebaki wewe.

Njoo. Orodha ya mwaka huu inafungwa mwisho wa Juni, bajeti ikishapita mpaka mwakani. Nauli jitangulizie, wewe sasa ni mtu wa mshahara wa serikali, hutashindwa. Nitakurudishia.

Hongera kwa masomo. Umri huu utaweza kweli? Hesabu za sehemu zilinitoa jasho hata mimi.

Kaka yako

*

20 Mei

Mdogo wangu,

Niliandika Aprili, sasa ni Mei. Ama posta imekufa, ama kalamu yako, ama kuna mtu amenuna. Kinyozi amenunua redio. Anaifungua kwa sauti ya juu ili hata mimi nisikie.

Kaka yako

*

2 Juni

Kaka,

Shikamoo. Barua zako zote mbili nilizipata. Mvua huku imekatika, nguo zinakauka upesi. Mjukuu ameota jino. Goti la kushoto linauma na safari ya basi ni ndefu, sijui kama litakubali kukunjwa muda wote huo.

Nimeandika hilo la goti, nimelisoma tena, na mwalimu wetu wa jioni anasema barua isiyosema kitu ni kupoteza wino. Basi acha niseme.

Kwa nini nikurudishie miaka uliyoitupa mwenyewe? Kiwanda kilipokuwa kinawatoa wenzako kwa uzee, wewe ulibaki kwenye mashine kwa sababu kitambulisho kilisema bado kijana. Mshahara ukaendelea kuingia. Mimi wakati huo nilikuwa nafua kwa kibarua, nikiugua siku moja silipwi siku hiyo. Sikukuomba hata senti. Umekula ujana mara mbili, kaka, sasa unaniita nije nikupakulie na uzee.

Na kuna jingine. Katika nyumba ya baba kila kitu kilianzia kwako. Kiti, shati, hata kipande cha nyama cha juu. Hii pensheni ni kitu cha kwanza maishani ambacho nimekipata kabla yako. Nimekaa nacho miezi minne tu. Niachie nikae nacho kidogo.

Halafu unasema cherehani inazunguka. Wifi amenipigia. Anasema cherehani imefunikwa shuka tangu Januari na ile ya pili umeuza. Anasema mnakula mara moja, na mgongo wake hauendelei vizuri hata kidogo. Mbona hukuandika hayo? Unataka nije niape ukweli wako, na mimi mwenyewe hujaniambia.

Mdogo wako

*

15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimegombana na wifi yako kuhusu hiyo simu, na amenishinda. Alinigeuzia mgongo, na mtu nisiyemsikia akinigeuzia mgongo ugomvi umekwisha.

Sawa. Umetaka ukweli, chukua.

Unajua kibanda changu kiko mkabala na lango la shule. Kwa miaka yote tangu kiwanda kife nimeishi kwa Januari moja baada ya nyingine. Mzazi anakuja na mtoto, napima mabega, napima kiuno, naacha pindo la kukulia. Hakuna mtoto wa mtaa huu ambaye sijamgusa mabega. Desemba nilinunua kitambaa cha bluu jora zima, kwa mkopo. Januari likaja lori. Katoni, mdogo wangu. Katoni zimepangwa mpaka juu. Diwani akasimama juu ya kiti akasema kuanzia leo hakuna mtoto atakayekosa shule kwa sababu ya sare. Watu wakapiga makofi na mimi nikapiga. Ungefanyaje? Kuna watoto hapa walikuwa wanakuja na shati moja lenye mgongo wa kiraka, nilivishona viraka hivyo mwenyewe. Jambo ni zuri, nilikwambia ni zuri, sikudanganya.

Lakini zile nguo zimeshonwa vibaya! Mikono inafika magotini, kola zinasimama kama masikio ya mbuzi. Wiki ya kwanza akina mama walikuja nipunguze, nikapata kidogo. Baadaye wakazoea. Sasa asubuhi wanapita mbele yangu wamevaa magunia ya bluu, wanacheka, wananipungia mkono, "Shikamoo fundi!" na mimi nakaa nimewakunjia uso. Wewe umemwonea wivu mtoto kwa kukaa darasani. Mimi nawaonea wivu watoto kwa nguo zao. Wakati wa mvua niliomba, Mungu anisamehe, zichuje rangi.

Jora la bluu liko chini ya kitanda. Mwenye duka anakuja kila Ijumaa.

Sitakwambia tena kuhusu kinyozi wala nauli. Orodha inafungwa mwisho wa mwezi. Njoo.

Kaka yako

*

9 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama na goti halikukudai sana. Ulikuja bila kuandika, wifi yako alipofungua mlango akadhani ni muuza sabuni. Ukalala kwetu, ukaenda nami ofisini, na asubuhi yake ukaondoka hata ua wetu hujauona vizuri. Ulisema kesho yake una somo. Mtu anasafiri kutwa nzima kwa ajili ya kaka yake halafu anakimbilia darasani kama ana miaka saba.

Nimekuandikia kushukuru, na nimeshashukuru, sasa nina swali.

Mle ofisini nilikaa pembeni yako na sikusikia neno. Nilijua kuna kuapa, nikakuona umeinua mkono. Nilijua afisa atakuuliza unajuaje kwamba mimi ni mkubwa, nikatarajia useme kaka yangu alinibeba, kaka yangu alikuwa anatumwa dukani mimi nikitambaa, mambo ya dakika moja. Lakini ulizungumza. Nilikutazama mdomo, ukaenda, ukaenda. Mara ukahesabu kwa vidole. Yule karani aliyeniita kijana aliacha kupiga mihuri akageuka kukusikiliza. Halafu afisa akaweka kalamu chini. Nikasema moyoni, basi, ameniharibia, amemwambia kiwanda, amemwambia kwamba nilijipunguzia mwenyewe. Nilikukasirikia pale pale, ukiwa bado unazungumza.

Kisha afisa akaniandikia kwenye karatasi yake: imekubaliwa, utasahihishiwa, subiri miezi miwili.

Nilikuuliza njiani mara tatu, ukawa unanionyesha magari.

Ulimwambia nini?

Kaka yako

*

1 Agosti

Kaka yangu,

Shikamoo. Nilifika salama. Mjukuu sasa anakaa bila kushikwa. Binti yangu wa saluni ameposwa na fundi bomba, kijana mtaratibu, mikono yake misafi kwa kazi hiyo mpaka nina mashaka. Wifi mwambie ile dawa ya mgongo aipake kabla ya kulala, si baada ya kuamka.

Njiani sikukujibu kwa sababu ili unisikie ingebidi nipige kelele, na yale si maneno ya kupigia kelele barabarani.

Afisa alitazama kitambulisho changu na chako akaniuliza, "Mama, hapa wewe umemzidi huyu miaka sita. Unajuaje yeye ndiye mkubwa?" Nikamwambia, najua kwa sababu nilimngoja amalize.

Akasema, "Amalize nini?"

Basi nikamweleza. Nikamwambia asubuhi ulipopelekwa shule ulikuwa na miaka tisa na mimi sita, niliwafuata wewe na baba mpaka langoni, na mwalimu akasema mtoto huyu wa kike naye anaonekana yuko tayari. Baba akasema ada ipo ya mmoja. Aliinama akaniambia, "Kaka yako akimaliza, utaingia wewe." Nikarudi nyumbani nikaanza kuhesabu. Ukamaliza la kwanza, nikahesabu. La pili, la tatu. Ukafika la nne ukarudia, kwa sababu ulikuwa unakwenda kucheza mpira upande wa pili wa uwanja, nilikuona, sikukusemea. Nikangoja la nne mara mbili. Ukaenda la tano, la sita. La saba ukarudia tena. Ukamaliza ukiwa na miaka kumi na minane, mimi nina kumi na mitano na nilikuwa nimeshaanza kufua mashuka. Siku uliyoleta cheti nyumbani mikono yangu ilikuwa na sabuni, mama akanikataza kukishika.

Hapo ndipo niliponyoosha vidole, nilikuwa namhesabia madarasa yako. Naweza kukosea mwaka niliozaa, kaka, hayo siwezi kuyakosea.

Kalamu aliiweka chini ili anipe karatasi ya kupangusia uso. Kisha akaichukua tena akaniuliza, "Kwa hiyo darasa la kwanza alianza mwaka gani?" Nikamtajia. Akauandika. Katika yote niliyosema, aliandika huo mwaka tu, na ndio umekupa pensheni.

Kuhusu kiwanda hakuniuliza, nami sikumpa.

Umeniuliza mwenyewe, kwa hiyo usiseme nimekuletea maneno. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisikia fundi amepata hiki, fundi amepata kile, nasugua mashuka mpaka yanatoboka. Hata cherehani yako ya kwanza niliionea wivu, na kushona sijui. Barua zako za miezi ile nilikataa kuzijibu kwa sababu nilijua wakiniuliza umri wako sina jibu jingine ila hilo la kungoja. Ila uliposema umeomba sare za watoto zichuje rangi nilicheka peke yangu jikoni mpaka binti yangu akaja kuniangalia. Nikasema huyu ni wa mama yangu kabisa. Kesho yake nikakata tiketi.

Mwalimu anasema hesabu za sehemu nimezishika.

Mdogo wako

*

3 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Pesa imeingia. Iliingia asubuhi nikiwa nimekaa, nikasimama, nikakaa tena kuona kama ni kweli ulivyosema. Mwenye duka nimempa sehemu yake, wifi yako amekwenda kupigwa picha ya mgongo, wameona tatizo lenyewe na ameanza matibabu. Kinyozi aliposikia kwamba mimi napata na kwamba nimemzidi umri, alizima redio yake siku nzima. Na yule karani sasa ananiita mzee mbele ya watu. Hilo nalo sikulipenda.

Shule imeniita. Mwalimu mkuu wa hapa anasema halmashauri imewapa fungu dogo la kurekebisha zile sare, anataka fundi wa jirani. Nitapunguza mikono mia kadhaa ya nguo ambazo sikuzishona. Nimekubali, lakini nimemwambia nitakuja na uso wangu ulivyo, asitarajie kicheko.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Baba aliniambia wewe hukutaka shule, kwamba ulipenda kukaa na mama jikoni. Nilikua nikijua hivyo. Ile ahadi ya langoni sikuisikia, nami siku hizo masikio yangu yalikuwa mazima.

Mtihani wako ni Novemba na nauli sasa ninayo. Nitakuja siku moja kabla. Usihangaike na kitanda, nitalala kwenye hilo godoro lako nione kama linarudi lenyewe, wewe lala kwa mjukuu. Asubuhi nitakusindikiza mpaka langoni, uingie, na mimi nitakaa pale nje nikungoje umalize. Ukirudia darasa nitakuja tena mwakani, na mwaka unaofuata.

Lakini nakuomba kitu kimoja, tena kwa heshima zote. Matokeo yakitoka, kama umenipita alama, usiniandikie.

Kaka yako